Faili 43 za mwisho wa mwezi

Jamani, jana nimelala saa tatu usiku! Kila mwisho wa mwezi matawi 43 hunitumia faili za Excel nizilinganishe na ya stoo kuu, mstari kwa mstari, hadi macho yanatoa machozi. Safari hii nimezitupia zote kwenye folda moja, nikaiachia Power Query (zana iliyomo ndani ya Excel ya kukusanya na kusafisha data) izisome na kuzioanisha kwa namba ya bidhaa.

Mara ya kwanza ikanigomea: nusu ya bidhaa eti hazipo. Kumbe Excel imekula sifuri za mwanzo, 00412 imekuwa 412, na kuna tawi huacha nafasi mwishoni mwa kila namba (mnajijua). Nikageuza safu nzima kuwa maandishi ya tarakimu tano, nikafyeka nafasi. Tofauti za kweli zilizobaki: 17 tu.