Tisheti za Kigoma: nilivyojua nani aandikiwe Mwisho wa Reli na nani Lekadutigite

Mi nauza nguo pale Mwanga, Kigoma mjini, na hili wazo la kuprinti tisheti lilitokana na wageni. Mtu anakuja Kigoma, anapanda boti Kibirizi kwenda Gombe kuona sokwe, anapita Ujiji kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, siku ya kuondoka anatafuta kitu chenye jina la huku anakutana na dagaa, migebuka mikavu na madumu ya mawese, vitu vizuri sana ila havivaliki. Nikasema ngoja nichukue tisheti plen, fundi wa kuprinti namjua, aniwekee KIGOMA kubwa kifuani kwa rangi ya njano, basi. Wageni wakachukua chukua, wenyeji hata kuzigusa hawakugusa.

Dogo mmoja anayeshinda pale kibarazani akanichana, "dada, nani avae Kigoma akiwa Kigoma, kwani nimepotea nitafutwe kwetu?" Nilicheka sana ila ikanikaa kichwani. Tangu siku hiyo kila anayeulizia tisheti namuuliza kwanza anaenda kuivalia wapi, na hilo swali ndo limenifundisha biashara yote.

Tuanze na Mwisho wa Reli maana ndo jina ambalo nchi nzima inalijua. Ukiwa Dar ukasema natoka Kigoma, kabla hujamaliza mtu ashasema "aaah, mwisho wa reli". Na kweli reli imeishia hapa, Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200, mbele yake ni ziwa tu. Lakini sasa jiulize, Mwanza reli si inaishia pia? Mpanda je? Hakuna anayeita Mpanda mwisho wa reli, Mwanza ndo kabisa wao wana miamba yao wanajisifia. Kwaiyo mi naona hilo jina sio la reli peke yake, ni la umbali, mtu wa Dar akilitamka anamaanisha huko kwenu ni mbali jamani, mtu akihamishiwa huko kikazi ndugu wanamuaga kama anaenda vitani. Walimu na manesi wanaopangiwa huku wengi wananisimulia hivohivo, walivyopewa barua walilia, sasa hivi wana viwanja Gungu na hawataki kuhama.

Hao watumishi ndo wateja wangu wakubwa wa Mwisho wa Reli. Wanazinunua wakienda likizo kwao, Moro, Moshi, Iringa, wanataka wakifika waonekane walifika mbali wakarudi salama. Mtu wa hapahapa pia ananunua ila anaikunja anaiweka kwenye begi, ataivaa akifika Dar. Kuna kaka mmoja aliniambia akiivaa Kariakoo watu wa nyumbani wanamsimamisha njiani, ameshapata mpaka mzigo wa kupeleka kwa njia hiyo, lakini hapa Mwanga hawezi kuivaa, atachekwa.

Nikajifanya mjanja, nikataka kutoa toleo la MWANZO WA RELI, si unajua vijana wanapenda maneno ya kugeuza, treni ikitoka huku si ndo inaanzia huku. Nikaenda kumuonesha mzee wetu mmoja mstaafu wa reli, mtaani tunamuamkia sote, nikampa shikamoo nikamuonesha mchoro kwenye simu. Mzee kaangalia weee, akasema "mwanangu, kilomita zinahesabiwa kutoka Dar, sifuri iko kule. Usiwadanganye watu." Nikamwambia mzee ni utani tu, akasema utani na reli havichanganywi. Basi nikaliacha. Ila yeye mwenyewe Mwisho wa Reli alinunua, tena aliivaa palepale, na ndo mtu pekee wa Kigoma niliyemuona anaivaa Kigoma. Kwake yeye halikuwa jina la kuchekwa, ni kazi aliyoifanya.

Sasa Lekadutigite. Hii haina haja ya kumuelezea mtu wa nyumbani, ni Kiha, acha tujidai, acha tutambe kidogo na sisi. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya wakaimba pamoja, neno likasambaa mpaka kwa watu ambao hawajui hata Kiha ni lugha ya wapi, na tangu hapo likawa kama jina la mkoa. Hii vijana wa huku wanaivaa hukuhuku bila aibu, mechi ya mpira wanavaa, kwenye harusi za kwenye kumbi wanavaa juu ya shati, sijui wanasikiaje joto. Wageni wanaikwepa, sio kwamba mbaya, wanashindwa kuitamka, dada mmoja kutoka Arusha alijaribu akaishia "lekaduti" akacheka akarudisha akachukua ya sokwe. Na usidhani kwa wenyeji nayo haina shida, shida ipo kwenye kuandika, kuna wanaotaka neno moja, kuna wanaotaka Leka peke yake na Dutigite peke yake, nimeshasimamiwa dukani na watu wazima wanabishana nafasi iachwe au isiachwe. Nikaprinti zote mbili. Fundi alininunia, mi nikauza.

Halafu kuna kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua mpaka akae huku. Sisi tukisema Kigoma hatumaanishi mkoa. Mtu wa Kasulu akipanda gari anakuambia "naenda Kigoma" na mgeni anashangaa, si uko Kigoma tayari? Wa Kibondo na Kakonko vilevile, Kigoma kwao ni mjini huku ziwani. Hata mtu wa Ujiji, ambaye ni manispaa moja na sisi, akipanda daladala kuja huku anasema anaenda Kigoma. Kwaiyo nilipopeleka mzigo Kasulu nikiwa na KIGOMA na Mwisho wa Reli, mama mmoja alinijibu kwa upole kabisa, "mwakeye mwanangu, lakini hiyo reli yenu hapa haijapita." Kweli bana, Kasulu reli iko wapi? Nikarudi na mzigo, safari iliyofuata nikaenda na BUHA na zile za Leka, zikaisha. Buha, yaani nchi ya Waha, inawakusanya wao wote, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko, ila usiipeleke Ujiji sasa, maana kule kuna Wamanyema na watu wengi ambao wazee wao walitoka ng'ambo ya ziwa, ukimpa tisheti ya Buha anakuuliza mi nahusika wapi hapo. Ujiji wanataka UJIJI tu, herufi tano, bila picha bila maua. Bibi mmoja wa huko aliniambia Kigoma ni stesheni, mji ni Ujiji, na alikuwa hatanii.

Niseme na ile nilioikataa. Alikuja kijana akataka nimuandikie MRUNDI WA MWANGA, na alikuwa tayari kulipa nyingi. Namuelewa anachotaka, huko nje tukishasema Kigoma mtu anatutania "nyie Warundi", na Kiha na Kirundi kweli vinasikilizana, sasa yeye anataka alichukue hilo neno alivae kabisa ili watu wakose la kumtania. Mi na rafiki zangu tunaitana hivo kila siku tukipiga stori. Lakini ndugu yangu mmoja alienda ofisi fulani kufuatilia kitambulisho, akaulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, akaambiwa ataje na wajumbe, akarudishwa akarudishwa, kisa lafudhi yake tu, na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni mwenye lafudhi ya pwani akamalizana nao asubuhi hiyohiyo. Nikamwambia yule kijana mdogo wangu hii ukiivaa hapa tutacheka wote, ukiivaa kwenye basi likisimamishwa huko njiani nani atacheka? Akanuna, akachukua ya Gungu. Wapo watakaosema namnyima mtu uhuru wake, sawa, jina langu la duka liko kwenye lebo.

Za uchawi za ungo nazo naombwa sana na watu wa Dar, hizo namprintia mtani wangu tu, tena kwa bei ya juu.

Mitaa ndo imenibeba kuliko vyote, sikutegemea. Gungu, Kibirizi, Bangwe, Katubuka, Mwanga. Hayo ndo majina mtu anayavaa akiwa hapahapa, kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia mimi ni wa Kigoma ila wapo wa kuwaambia mimi ni wa Bangwe usinizoee. Na wale wa Dar wanaoagiza za umoja wao wanaandika mbele Lekadutigite, mgongoni kila mtu mtaa wake, naletewa orodha ndefu napitia jina kwa jina maana ukimuandikia mtu wa Katubuka Gungu hiyo tisheti anakurudishia.

Juzi yule mzee wa reli kapita tena, tukaanza kuongelea hii reli mpya ya SGR, inakuja Kigoma na kuna tawi litatokea Uvinza kwenda mpaka Musongati, Burundi. Nikamuuliza mzee sasa mwisho wa reli itakuwa wapi, akasema hiyo ni reli nyingine, yetu imeishia hapahapa. Mi nimepunguza tu mzigo, zile za Mwisho wa Reli naprinti chache chache, na vijana wameshaanza kuniulizia kama naweza kuwaandikia MWISHO WA RELI YA ZAMANI.