Mlinzi Aliyepitiwa na Usingizi: mchezo wangu wa sauti umefika Nguruka

Mlinzi wangu amefika Nguruka. Mto Malagarasi uko mbele yake, na kabla sijamvusha nimeamua kuisikiliza upya kazi yote tangu mwanzo, kisha niandike ilipofikia.

Kwa anayeikuta kumbukumbu hii leo: natengeneza mchezo wa kuigiza wa kusikiliza tu, hauna picha. Mlinzi wa usiku wa ghala la tumbaku hapa Tabora anapitiwa na usingizi, redio yake ya betri ikiimba pembeni. Kila wimbo unaopigwa unamwingia ndotoni na kumsogeza kituo kimoja kwenye reli ya kwenda Kigoma, safari ya kama kilomita 400. Ameshapita Usoke, Urambo, Kaliua na Usinge. Nyimbo ni za dansi, hizi tunazoziita zilipendwa. Situngi wimbo hata mmoja mpya, na maneno ya wahusika ni machache, maana wasemaji wenyewe ni waimbaji.

Nimechagua ndoto kwa sababu moja. Zilipendwa zimegeuka muziki wa kuchangamshia sherehe. Mtu akisikia gita la mwanzo tu anapiga kigelegele na kuinuka kucheza, maneno hayamfikii tena. Sasa usikilize wimbo uleule gizani, umelala chali kwenye mkeka, na umeshaambiwa kwamba anayeimba anamwimbia mke aliyemwacha Ujiji miaka mingi iliyopita. Hapo wimbo unarudi kuwa maneno. Nyimbo nyingi za dansi zimetungwa hivyo tangu mwanzo: mtu anamwita mwenzake kwa jina, anamlalamikia, anamuaga, anamwomba arudi. Aliyeitwa ndiye hatumwoni. Mchezo wangu unampa huyo aliyeitwa mahali pa kukaa.

Mpango wa usiku

Hapa ndipo nilipokaa sana, na sijutii.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna nyakati za usingizi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Kipindi hicho cha macho kuchezacheza huwa kifupi katika mzunguko wa kwanza, kama dakika 10 hivi, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto tunayoamka nayo huwa na visa vingi kuliko ile ya usiku mchanga.

Nyimbo za dansi nazo zilirefuka kwa mfuatano huohuo. Nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni za dakika tatu tu, kwa sababu ndizo zilizoenea vizuri kwenye upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Miaka ya 1970 chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka kwa kucheza, likawa refu, na wimbo mmoja ukaanza kugawanywa pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza huku na ya pili kule. Basi nimeufuata mfuatano huo. Mlinzi anaanza kusinzia na Kiko Kids, bendi ya hapahapa Tabora aliyoiongoza Salum Zahoro: nyimbo fupi, na katikati yake anashtuka na kukagua kufuli la ghala. Usiku wa manane wanaingia Western Jazz na mtindo wao wa Saboso. Hao walipigia Dar es Salaam, lakini mwanzilishi wao, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega, na jina la bendi linakumbusha walikotoka. Alfajiri nimewaachia Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, nyimbo ndefu kuliko zote.

Ule mgawanyo wa pande mbili umenipa zawadi. Upande wa kwanza unapofifia, mlinzi anajigeuza. Anasikia mbwa wa kweli akibweka mtaa wa Isevya, anajikuna, karibu aamke. Kisha sindano inashuka upande wa pili na ndoto inaendelea palepale ilipokatikia.

Rafiki zangu wawili watatu wananishauri nipunguze chemko ili hadithi iende mbio. Silipunguzi. Beti za mwanzo huenda taratibu, mtu anaeleza shida yake. Kisha tumba zinabadili mwendo, gita la solo linashika usukani, maneno yanabaki machache yanayorudiwarudiwa. Mlinzi anapoongea na mkewe ni kwenye beti. Treni inapoacha reli na kupita juu ya miembe ya barabara ya Kwihara, abiria wote wakicheza, ni kwenye chemko. Wapigaji wale walijua kabisa walipokuwa wanawapeleka watu, na kazi yangu ni kuwaacha wafike.

Kasi ya kanda

Nyimbo zangu nyingi zimetoka kwenye kaseti ambazo watu walijirekodia kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Mkanda wa kaseti hupita kwenye kichwa cha kusomea sentimita 4.76 kila sekunde, kama mota ni nzima na mpira wake haujalegea. Mashine ya kuazima haina ahadi hiyo.

Nilimpigia mmoja wa nyimbo hizo babu jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye kumbi za dansi za mji huu. Alisikiliza beti moja, akainua mkono.

"Nani huyu unayemwimbisha, mjukuu wangu?"

"Si bendi yenu hiyo, babu."

"Bendi naijua. Mwimbaji simjui. Yule hakuwa na sauti ya kitoto namna hii."

Nikaifungua rekodi kwenye kompyuta, kwenye programu ya Audacity, nikatazama mchoro wa masafa ya sauti yake. Rekodi zilizofanywa kwa vyombo vya umeme mara nyingi huwa na mvumo mwembamba wa umeme wenyewe chini kabisa, na umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Mvumo wa kaseti hii ulikuwa kwenye hezi 52. Maana yake mashine ilikuwa inakimbiza mkanda kwa asilimia 4. Nikaushusha hadi 50, nikampigia tena. Babu hakuniambia kitu mpaka chemko lilipoanza, ndipo akasema, "Ee. Huyo sasa ndiye." Kompyuta na sikio la mzee vimekubaliana bila kuonana, na tangu siku hiyo kila wimbo unaoingia mchezoni lazima upite kwa wote wawili.

Jambo la pili la kasi ni gumu zaidi. Bendi zile zilitegeshana magita zenyewe kwa zenyewe, wala hazikufuata kipimo kimoja cha nchi nzima. Ukizifuatanisha nyimbo za bendi mbili, ya pili inaingia imepanda au imeshuka kidogo, na sikio linakwaruzika. Ningeweza kubadili kasi ili zipatane. Takriban asilimia 6 ya kasi ni sawa na nusu toni, yaani kutoka kibao kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimembadilisha tena mwimbaji ambaye babu amemtambua sasa hivi. Uamuzi wangu ni kwamba kasi irekebishwe kwa ajili ya kurudisha ukweli wa rekodi tu. Kwenye maungio nimeweka sauti zisizo na noti: vyura wa masika, popo kwenye miembe, na mwendo wa treni, ambao ni karanga zinazopepetwa kwenye ungo taratibu, kisha kwa haraka. Honi ya treni ni ya kweli, nimeirekodi kutoka uani kwetu saa ambazo mji umetulia.

Usikilizaji wa uani

Tumekuwa tukisikiliza vipande uani, taa zimezimwa, mikeka chini, simu zote zimewekwa kwenye kikapu ndani. Nilitaka wazee na vijana pamoja. Vijana wanakuja na wasiwasi wa kuchoshwa, na kinachowashika ni magita mawili yanayojibizana. Kijana mmoja anayepiga kinanda kanisani aliniomba nirudie kipande cha gita la rizimu mpaka majirani wakaanza kuuliza kulikoni.

Lakini lililobadilisha mchezo wote lilitoka kwa mama mkubwa wangu. Tulikuwa tumemaliza hadi kituo cha Kaliua. Akauliza, "Mwanangu, huyu mlinzi anaimba usiku kucha. Huyo mke mbona hajibu?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu jibu limo kwenye muziki wenyewe. Katika bendi zile za miaka ya 1960 na 1970, waimbaji wa mbele karibu wote walikuwa wanaume. Mwanamke aliitwa, akasifiwa, akalaumiwa, akaombwa, na sauti yake mwenyewe ni nadra kuisikia. Ningeweza kumwandikia mke maneno ya kusema tu, lakini hilo lingekuwa dhuluma: mume anapewa bendi nzima, mke anapewa sentensi mbili.

Jibu nimelipata kwa kubadili muziki. Mke yuko Ujiji, mji wa waungwana wenye damu moja na pwani tangu enzi za misafara. Atajibu kwa taarabu. Na si taarabu yoyote, bali sauti ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, miaka mingi kabla ya bendi zote ninazozitumia. Mlinzi anazungumza usiku mzima kwa magita ya umeme, halafu kunapambazuka ziwani, na anayemjibu ni sauti ya zamani kuliko zake zote, kwa udi na fidla, haina haraka. Nimeujaribu mpito huo mara nyingi na kila mara nywele zinanisimama. Mama mkubwa alipousikia alisema tu, "Haya, amejibiwa."

Kilichobaki

Haki za wasanii nazishughulikia sasa, si baadaye. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Siti alifariki mwaka 1950, lakini watunzi wa dansi au warithi wao bado wana haki yao kamili. Marehemu Shem Karenga, mtu wa Kigoma aliyeipa Tabora Jazz sauti na tungo, alifariki mwaka 2014 tu. Kwa hiyo mchezo hautoki nje ya ua wetu mpaka nipate kibali kupitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Orodha ya nyimbo nimeshaiandika. Majina ya watunzi wa baadhi yake ndiyo nayafuatilia kwa wazee, maana kwenye kaseti watu waliandika jina la bendi tu.

Kazini kwenyewe yamebaki maonyesho mawili. La Malagarasi litakuwa la sauti ya maji na wimbo mmoja wa pande mbili, treni ikisimama katikati ya daraja. Uvinza naipita haraka, honi moja na wauza chumvi dirishani. Baada ya hapo ni Kigoma.

Naye babu ameniambia kuna mtu mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, mwenye kaseti za bendi ya Nyanyembe Jazz. Jumapili tutakwenda pamoja kumsalimia, na nitabeba mashine, karanga za zawadi, na betri mpya.