Nilivyorekodi Muziki Nyumbani kwa Redio Kaseti Mbili

Nikiwa na umri wa miaka 15 nilikuwa na redio kaseti mbili za kawaida, gitaa lililokosa uzi mmoja, na nyimbo kichwani ambazo zilihitaji sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1979 ilikuwapo mashine ya TEAC iliyoitwa Portastudio, iliyoweza kurekodi njia nne zilizotengana katika kaseti moja, lakini mimi niliijua kwa picha tu. Ninaandika jinsi nilivyofanya bila mashine hiyo, kwa ajili ya kijana yeyote anayengoja vifaa bora ndipo aanze.

Nilirekodi gitaa kwenye redio ya kwanza, kisha nikaicheza ile kanda kupitia spika huku nikiimba mbele ya maikrofoni ya redio ya pili, nayo ikanasa gitaa na sauti yangu pamoja. Kanda hiyo ya pili niliihamishia redio ya kwanza, nikaongeza mdundo, na kuendelea hivyo mpaka wimbo ukatimia. Urari wa sauti niliupata kwa kusogeza redio: gitaa likimeza maneno, niliirudisha nyuma hatua moja na kuanza upya. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila nakala huongeza mvumo wake, yaani ile sauti ya “shhh” ya utepe, juu ya ule wa kwanza, kiasi cha desibeli 3 katika nakala ya pili hata pale mashine zinapolingana, na sauti nyembamba hufifia kila zinaponakiliwa. Kwa sababu hiyo nilipanga utunzi wenyewe kufuata tabia ya utepe: nyuzi nene na mdundo vilitangulia, uimbaji ukafuata, na vitu vyenye mlio mkali, kama vile funguo zilizogonganishwa au kijiko juu ya glasi, nilivirekodi mwisho kabisa. Sauti zilizotangulia zilisikika kana kwamba zinatoka chumba cha pili, na kina hicho nilikipenda kuliko usafi wowote.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni namna redio hizi zinavyojirekebisha zenyewe. Redio kaseti nyingi ndogo hazina kitufe cha kupimia sauti inayoingia. Saketi iliyo ndani hushusha nguvu ya maikrofoni panapotokea kishindo, na huipandisha tena polepole panapokuwa kimya. Nilipiga kofi moja karibu na maikrofoni, kisha nikakaa kimya. Niliposikiliza, kofi lilikuwa limebanwa na kuwa fupi, halafu chumba chote kikaanza kuinuka kutoka chini: kwanza mvumo, kisha pumzi zangu, kisha sauti za nje ambazo sikuwa nimezitambua wakati ninarekodi. Tangu hapo niliweka kofi au pigo la mguu pale nilipotaka muziki udidimie na kupanda tena. Nilikuwa ninaipiga redio kama ala, na ninaamini kwa dhati kwamba hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuwa na sura yake.

Betri nazo zilinifaa. Betri zinapochoka, mota huzunguka polepole, kwa hiyo kilichorekodiwa kwa betri dhaifu hupanda na kuharakisha kinapochezwa kwa umeme kamili, na kilichorekodiwa kwa umeme kamili hushuka kinapochezwa kwa betri dhaifu. Mwendo ukipungua kwa nusu, sauti hushuka oktava nzima. Kifuniko cha sufuria nilichokigonga kwa kidole kiligeuka kengele nzito kwa njia hiyo. Gharama yake ni kwamba gitaa sharti lifuate kanda. Nililikaza na kulilegeza upya kila nilipoongeza sauti nyingine.

Nilijaribu pia kuweka kipande chembamba cha plastiki juu ya kichwa cha kufutia, kile kinachofuta utepe kabla haujarekodiwa upya, ili sauti mpya ilale juu ya ile ya zamani katika utepe uleule. Sauti ya zamani hubaki, ila hudhoofika, kwa kuwa kichwa cha kurekodia nacho hufuta kiasi fulani.

Mizunguko ya utepe, yaani vipande vifupi vinavyojirudia bila kukoma, inahitaji subira zaidi. Kaseti husafiri kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, hivyo kipande cha sentimita 24 kilichounganishwa ncha kwa ncha hutoa mzunguko wa sekunde 5 hivi. Chagua kaseti iliyofungwa kwa skrubu, ukate ncha zote mbili kwa mshazari ili kiungo kisitoe mshtuko, na gundi ikae upande wa nyuma wa utepe, usiogusa kichwa. Utepe ukilegea hunasa. Ukikazwa mno hauzunguki. Baadaye niliposoma kwamba Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri, mwaka 1944 mjini Cairo alirekodi uimbaji wa watu kwa mashine iliyorekodi kwenye waya badala ya utepe na kuugeuza sura katika studio ya redio, nilifurahi sana, kwa kuwa alikuwa kijana aliyetumia kifaa cha utangazaji kutunga muziki.

Kanda zile sasa nimezihamishia kwenye kompyuta. Kabla ya kila kanda nilizungusha kidogo skrubu iliyo pembeni mwa kichwa cha kusomea, nikisikiliza mpaka sauti nyembamba zikatokeza wazi, kwa sababu kila redio ilirekodi kwa pembe yake. Programu ya kuondoa mvumo niliijaribu, nikaiacha: iliondoa pamoja na mvumo mikia ya nyuzi za gitaa na kule kupanda kwa chumba baada ya kofi. Nimehifadhi hata zile kanda za katikati, zenye gitaa peke yake, na ninazitumia sasa kutungia nyimbo nyingine.