Chama cha Kuzikana Kilipofungua Mfuko Kabla ya Msiba

Mtaa ule wa Ngamiani, mjini Tanga, ulikuwa umejipanga kwa msiba kuliko kwa jambo jingine lolote. Chama cha kufa na kuzikana kilikuwa na turubai mbili, sufuria za pilau, mikeka, na daftari la kaya zilizolipa na zisizolipa. Kila kaya ilitoa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mtu akifariki, kabla maiti haijaoshwa mweka hazina ameshatoa shilingi 180,000, vijana wameshakwenda kuchimba kaburi, na akina mama wameshawasha moto uani. Hakuna aliyengoja kuelekezwa. Lakini kama marehemu aliugua miezi minane kabla ya siku hiyo, miezi minane ile ilikuwa ya watu wa nyumbani kwake peke yao.

Mwaka 2012, nikiwa muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, niliitwa kwenye kikao kimoja cha chama hicho. Ajenda ilikuwa moja: bibi mmoja wa mtaa, mwenye miaka sabini na kitu, saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupa ya mgongo. Alikuwa ametoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, alikopigwa mionzi ya kutuliza maumivu ya mgongo akarudishwa nyumbani na chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu. Binti yake alikuwa mpika vitumbua. Tangu mama yake alale kitandani, usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, biashara ikafa, na mtaji ukaishia kwenye nauli na nepi za watu wazima. Katibu alitaka chama kimsaidie sasa hivi, bibi angali hai.

Kikao kilikaa barazani kwa katibu baada ya alasiri. Mzee mmoja alisema waziwazi: "Pesa ya maziko kumtolea mtu angali anapumua ni uchuro." Wengi waliitikia kwa vichwa. Mweka hazina hakuzungumzia uchuro. Aliuliza kama vifo viwili vikitokea mwezi mmoja na mfuko umekwisha kutobolewa, familia ya pili itazika na nini? Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe, na vikao vingi vya namna hii huvunjika kwa sababu hakuna anayelijibu. Watu hubaki kubishana kuhusu huruma.

Jibu lilitoka kwa mgonjwa. Alimtuma mjukuu wake barazani na maneno haya: "Waambieni wazee wangu, sanda ninayo kabatini miaka mingi. Ninachokosa ni mtu wa kunigeuza usiku." Kisha mjukuu akaongeza kwamba bibi amesema pilau ya msiba wake ipunguzwe.

Basi ikakatwa hivi: theluthi moja ya fungu lake mwenyewe, yaani shilingi 60,000, itoke sasa, zilizobaki 120,000 zingoje maziko. Fungu la kaya nyingine lisiguswe. Na zaidi ya pesa, chama kitoe watu. Mzee wa uchuro hakuondoa neno lake, ila alijitolea godoro la sponji nene lililokuwa limeegeshwa tu ukutani kwake. Lile godoro lilisaidia kuliko pesa zote.

Siku ya pili waliojitolea walikusanyika chumbani na uani kwa bibi ili waonyeshwe kazi. Tulianza na dawa, maana hapo palikuwa na jambo la ajabu. Binti alilalamika kwamba mama yake halali usiku na mchana haamki. Nikaomba karatasi ya dawa. Iliandikwa 6 – 10 – 2 – 6 – 10, ya mwisho kipimo mara mbili. Aliyeiandika alihesabu saa za Kizungu. Nyumbani wakaisoma kama isomavyo nyumba yoyote ya Tanga: saa sita mchana, saa kumi, saa mbili usiku, saa sita usiku, saa kumi ya alfajiri. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo sahihi, hata mpishano wa saa nne nne ulikuwa sahihi. Kilichopinduka ni usiku na mchana. Kipimo kikubwa cha mwisho huwekwa wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Hapa kilikuwa kinamwangukia alfajiri, akisinzia asubuhi yote wakati wa kuoshwa na kunywa uji, na binti akiamka mara mbili kila usiku kupima dawa.

Tuliandika upya kwa Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Mjukuu alichora jua kwenye nne za kwanza na mwezi kwenye ya mwisho, kwa ajili ya jirani asiyesoma. Kipimo cha jioni kilifungwa na adhana ya magharibi. Mgonjwa akishikwa na maumivu katikati ya saa hizo, anapewa kipimo kimoja cha ziada na kinaandikwa, na kinachofuata hakirukwi. Vipimo vya ziada vikizidi viwili au vitatu kwa siku, si mgonjwa anadeka; ni kipimo cha kawaida hakitoshi na muuguzi aambiwe.

Kijiko tulikiondoa. Vijiko viwili vya chai vya nyumba ileile vilipishana kwa zaidi ya mililita moja, na kwa dawa hii si kidogo. Badala yake lilitumika bomba la sindano la mililita 5 lililotolewa sindano. Chupa yake ilikuwa na miligramu 5 katika kila mililita 5. Alikuwa ameanzia mililita 2.5 kwa sababu ya umri, akapandishwa hadi 5. Kwa hesabu hiyo, vipimo vinne vya 5 na kimoja cha 10 ni mililita 30 kwa siku. Chupa ya nusu lita haifiki siku kumi na saba, na vipimo vya ziada vinaipunguza zaidi. Katibu, aliyekuwa karani wa zamani, alibandika mstari wa plasta kwenye chupa pale palipobaki mililita 100: maji yakifika hapa, mtu apande pikipiki akafuate nyingine. Kabla ya hapo chupa iliwahi kukauka siku ya Ijumaa jioni, dirisha la dawa limefungwa hadi Jumatatu.

Kijana mmoja akauliza kilichokuwa vinywani mwa wengi: "Hii si dawa ya mateja?" Tanga inaujua unga, na hofu ile haikuwa ya kijinga. Nilichowaambia ni kwamba mtu mwenye maumivu ya saratani, akipewa dawa hii kwa kinywa, kwa kipimo na kwa saa, haigeuki ulevi wake. Lakini chupa ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo uwe kwa binti na kwa jirani mmoja tu. Kusinzia siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na kichefuchefu pia. Si kawaida mgonjwa akiwa mgumu kuamka, pumzi zikapungua sana, na mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano: hapo dawa isimamishwe na simu ipigwe.

Jambo linalosahaulika kila mahali ni choo. Kichefuchefu huisha, kusinzia huisha, lakini kufunga choo kwa morfini hakuishi mpaka dawa iachwe. Kwa hiyo anayeandikiwa morfini aandikiwe na ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Bibi alikuwa na vidonge vya bisakodili, viwili usiku. Vikiisha, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko cha chai kwa maji, zilishika zamu. Alikuwa amekaa siku sita bila kwenda haja, na maumivu ya tumbo yalikuwa yakihesabiwa kuwa ni saratani imeenea.

Kumgeuza ndiko kulikochukua mchana mzima. Watu walikuwa wanamshika makwapani na kumburuta. Ngozi ya mzee ikiburutwa juu ya shuka huchanika kwa chini kabla haijaonekana juu. Tulikunja kanga mbili zilizoshonwa pamoja, zikapita chini yake kuanzia mabega hadi mapaja. Mtu huku na mtu kule, wanahesabu, wananyanyua kidogo, wanamlaza mshazari, si ubavu kamili, kwa sababu ubavu kamili humwangushia uzito wote kwenye nyonga. Mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya miundi ili visigino vielee. Hivyo kila baada ya saa mbili, mchana. Karatasi ya nailoni iliyokuwa chini ya shuka iliondolewa mgongoni ikaachwa nyongani tu, maana nailoni hutoa jasho na jasho hulainisha ngozi. Vitabu husema tazama wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Weka kiganja: panapochemka au palipokakamaa kuliko pembeni yake, hapo kidonda cha kulalia kinaanza, na pasisuguliwe wala pasilaliwe tena.

Titi lilikuwa limefunguka kidonda. Harufu yake ndiyo iliyokuwa imewapunguza wageni, si ugumu wa mioyo yao, na binti aliona aibu kulisema hilo. Maji yalichemshwa, nusu lita ikatiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakaachwa yapoe. Kitambaa cha zamani kililowanishwa kwanza ndipo kibanduliwe, maana kikivutwa kikavu damu inatoka na kuizuia ni kazi. Kidonda kikamwagiwa maji ya chumvi bila kusuguliwa, kisha vidonge vya metronidazo vilivyotwangwa unga vikanyunyizwa. Harufu hutoka kwa bakteria wanaostawi pasipo hewa, na dawa hiyo huwaua hao. Juu yake vipande vya kanga kuukuu vilivyochemshwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi. Kabla ya wiki kwisha watu walikaa chumbani wakanywa kahawa.

Kisha likaja tatizo lisilotarajiwa: wageni wakawa wengi mno. Kila mmoja na bakuli lake, na kila mmoja akitaka aone bibi amekula mbele yake. Mtu anayekaribia mwisho hali kwa sababu mwili umeacha kudai. Hafi kwa sababu ya kutokula. Kumlazimisha kulileta kupaliwa. Mmoja wa wapwa alishikilia apelekwe kutundikiwa dripu, na ilibidi kukaa naye: maji ambayo mwili hauyatumii huishia miguuni na mapafuni, na kiu ya hatua ile ni ukavu wa mdomo. Kitambaa laini kilichochovywa maji kikipita midomoni na kwenye fizi kila mara humtosha kuliko chupa ya dripu. Katibu aliandika mlangoni saa za wageni, na chakula kikaelekezwa kwa binti, aliyekuwa amekonda kuliko alivyojua.

Ratiba ya zamu nayo ilibomoka mapema. Iliandikwa kwa haki, kila mtu usiku mmoja, na haki ile ndiyo iliyoiua: muuza samaki hawezi kukesha kisha awahi mnadani, na aliyekuja usiku mmoja kwa mwezi hukuta kila kitu kipya. Zilizodumu ni zamu za watu wachache walewale, wanne, wote wanawake kwa kuwa kuosha ni siri ya mwili, usiku wa saa 4 hadi saa 10. Wanaume walibeba maji, nauli, chupa ya dawa, na ada ya shule ya mjukuu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipanga.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza Julai, na bibi alitaka kufunga. Saa zote za dawa zingevunjika. Imamu alikuja mwenyewe, akakaa mkekani, akamwambia mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana saumu ila fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na kwamba sala yake ya kulala, kwa kuashiria, baada ya kutayamamu, ni sala. Sisi wauguzi tungesema hayo wiki nzima asitusikie. Fidia ilitoka kwenye zile 60,000.

Siku za mwisho hakuweza kumeza. Mililita 5 kwa mkupuo zingempalia, kwa hiyo zilidondoshwa kidogo kidogo ndani ya shavu, kichwa kimeinuliwa. Mkoromo wa koo ulipoanza, alilazwa upande na mkoromo ukapungua. Alifariki mchana, zamu ya binti yake.

Mweka hazina alisoma hesabu siku ya arobaini: katika 60,000 zilibaki 3,500, zikarudi mfukoni. Maziko yalitoshwa na 120,000, pilau ikawa ya wachimba kaburi na wageni wa mbali tu. Kifungu kikaingizwa kwenye katiba ya chama: mwanachama, au mgonjwa mwenyewe akiwa na akili zake, anaweza kuomba theluthi ya fungu lake.

Aliyefuata kuomba alikuwa mzee wa kiharusi, na hapo kifungu kikaonyesha mpaka wake. Saratani ile ilikuwa ya miezi. Kiharusi kinaweza kuwa cha miaka, na theluthi ingeliwa kabla ya mwaka mpya. Walibishana vikao viwili. Akapewa godoro, kanga ya kugeuzia, na wale wanawake wanne wamfundishe mkewe na vijana wake. Pesa hakupewa.