Makinda wa bundi nyuma ya tangi

"Mama, kuna kitu kinafoka kama nyoka nyuma ya tangi!" Binti yangu alikuwa ameshika fagio, tayari kupiga. Nilimulika kwa simu nikakuta makinda wawili wa bundi, nyuso nyeupe zenye umbo la kopa, miili imejaa malaika kama pamba iliyochambuliwa. Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imeng'oa ubao wa pembeni mwa paa, na kumbe darini tulikuwa na wapangaji.

Mkubwa alipuliza "shhhh" na kutuinulia kucha. Mdogo, nusu yake kwa umbo, alilala ubavu, wa baridi. Bundi wa aina hii huanza kuatamia tangu yai la kwanza, kwa hiyo makinda huanguliwa kwa kupishana siku, na kitinda mimba huachwa nyuma sana.

Hapo nikafanya kosa. Nilidhani ana kiu, nikamdondoshea maji mdomoni kwa bomba la sindano. Daktari wa wanyama tuliyempigia baadaye alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimempa kiasi gani. Tundu la njia ya hewa ya ndege, alieleza, liko palepale kwenye shina la ulimi. Maji yakipotea humo yanafika mapafuni. Tena bundi maji yake huyapata zaidi katika nyama anayokula. Mdogo alikufa kabla ya alfajiri. Huenda ni baridi. Huenda ni mimi.

Kwa mkubwa tulifuata maelekezo neno kwa neno. Boksi lenye matundu, taulo kuukuu chini, chupa ya maji ya moto imeviringishwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja tu, ili joto likimzidi ajisogeze. Giza, kimya, paka kafungiwa chumbani. Hakuna kumpakata, hakuna kupiga naye picha, na hili lilimuuma binti yangu kuliko yote (alikuwa ameshampa jina). Kinda anayelelewa mikononi mwa watu hukua akidhani watu ndio jamaa zake. Isitoshe, nchi nyingi haziruhusu kukaa na mnyama wa porini bila kibali.

Chakula kikawa mtihani. Nyama tupu haimpi kinda madini ya mifupa. Bundi humeza panya mzima. Panya tulikuwa naye, kanaswa na mtego stoo, ila stoo hiyohiyo tulikuwa tumeweka sumu, na panya aliyekula sumu anaweza kumuua anayemla. Tukamtupa, sumu tukaiondoa yote, na daktari akaturuhusu kumpa vipande vichache vya nyama kwa siku hiyo moja.

Nilikua nikiambiwa kwamba ndege akinusa mkono wa mtu kwa mwanawe humtelekeza. Si kweli. Kilicho kweli ni kwamba bundi hawa mara nyingi hawamshughulikii kinda aliyeanguka chini, hata alie vipi. Chakula wanapeleka kiotani. Kwa hiyo kumwacha kichakani kusingesaidia. Jioni ya pili mume wangu alipanda ngazi na glavu nene, akamwingiza darini, akarudishia ubao na kuacha mwanya wa kupita bundi. Alishuka na mkwaruzo mrefu shingoni.

Tukazima taa, tukakaa dirishani. Giza lilipokolea, kitu cheupe kilipita mbele yetu bila sauti, hata ya bawa. Mara darini "shhhh" zikalipuka kama mafuta ya moto yamemwagiwa maji.

Usingizi ulikuwa wa shida wiki hizo. Asubuhi moja binti yangu aliokota chini ya ule mwanya donge jeusi la manyoya na mifupa, lile bundi analolitapika baada ya kusaga mlo. Akalilowesha, akalichambua kwa kijiti cha meno juu ya gazeti, ulimi nje. Akaniletea kwenye kiganja fuvu la panya, zima, na meno yake mawili ya mbele ya rangi ya chungwa.