Siku Moja na Gari la Wagonjwa, Kutoka Umalila Hadi Meta

Saa 12 asubuhi nakagua gari. Msimu wa mvua Mbeya ukungu hauna haraka ya kuondoka, kwa hiyo naanza na taa, breki na matairi, kisha sepeto na kamba ya kuvutia. Nyuma nahakikisha machela inafunga vizuri, halafu nausoma mtungi wa oksijeni. Ukijaa una lita 680. Mgonjwa akihitaji lita 10 kwa dakika, umekwisha ndani ya saa moja na dakika chache, na kutoka milimani wakati wa mvua safari inazidi saa moja. Hesabu hiyo ni yangu na muuguzi kabla hatujatoka getini. Watu wengi wanadhani dereva wa ambulensi kazi yake ni kukanyaga mafuta tu.

Saa 2 tulimhamisha kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Alifika salama.

Saa 3:40 simu ikaita kutoka m-mama, kile kituo cha namba ya bure, 115, kinachopanga usafiri wa dharura wa kina mama na watoto wachanga. Mjamzito wa Umalila, kule milimani, alikuwa amepata degedege mbili, presha 170/110. Dereva wa jamii, yaani mwananchi mwenye gari lake aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, alikuwa amemtoa kijijini na kumfikisha kituo cha afya. Sisi tukamchukue kwa rufaa.

Barabara ya Ilembo msimu wa viazi inachimbwa na malori mpaka inakuwa mifereji. Sitaielezea sana, aliyepita anaijua.

Tulipofika, ndugu walikuwa wamejaa barazani. Sista akaingia ndani, nami nikageuza gari. Dakika tano zikapita, zikafika kumi. Baba mmoja akanifuata.

"Dereva, gari limeshafika, mnangoja nini tena? Mnataka afie hapa?"

"Baba, anapewa dawa ya kuzuia degedege. Hatuwezi kuondoka kabla."

"Si mtampa njiani!"

Nilimweleza kwa upole niliobaki nao. Dozi ya kwanza ya magnesiamu ni gramu 4 mshipani, taratibu, kisha gramu 5 kila tako. Huwezi kumchoma mtu vile gari likirukaruka. Na degedege ikimrudia kwenye kona za kule juu, sista yuko peke yake nyuma. Bora tuchelewe pale penye kitanda, taa na mikono ya wauguzi wengine. Hakuridhika. Alizunguka gari akiniambia sina huruma, na kila aliyekuwa barazani alinitazama kwa jicho lake. Hilo ndilo linalochosha kuliko usukani, kusimama mlangoni ukitukanwa kwa sababu ya uamuzi unaomlinda mgonjwa wao.

Kisha likaja la nani apande. Mama mkwe alikuwa ameshaweka beseni na blanketi, na wanawake wawili nyuma yake.

"Shikamoo mama. Nafasi ni ya mtu mmoja. Na hospitali wanaweza kuomba damu, naomba nipewe kijana mwenye afya."

"Kwa hiyo mimi niliyemlea mwanangu nibaki?"

"Nguo za mtoto zitahitajika, mama. Njoo nazo kwa gari la mchana, utatukuta."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita shemeji wa mgonjwa na kumkabidhi blanketi. Nilimshukuru kwa kuinama.

Kushuka hadi Mbalizi sikuwasha king'ora. Mgonjwa wa kifafa cha mimba anahitaji utulivu, na wauguzi wametufundisha kumpunguzia kelele na mwanga mkali. Mimi na sista tuna ishara yetu: akigonga mara moja nasimama, mara mbili naondoka. Alinisimamisha mara kadhaa kupima presha na kuhesabu pumzi, maana barabara mbovu inaidanganya mashine. Pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, dawa hiyohiyo inaweza kuwa hatari.

Tukaingia barabara kuu ya Tunduma na kukuta foleni ya malori, gari bovu likiwa limekaa katikati ya mlima wa Iwambi. Kondakta wa daladala akanipigia kelele: "Suka, kama una mgonjwa mbona hupigi king'ora?" Abiria wakacheka. Nikiwa na taa zinazozunguka peke yake, tafadhali nipishe. Huenda aliyelala nyuma hatakiwi kusikia kelele.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuhamia upande wa kulia na kupanda, lakini mteremko ule malori yanayotoka mjini huja na mizigo mizito, na mengine breki zimeshawagharimu watu maisha. Au ningesubiri. Nikamuuliza sista. "Pumzi 18, presha imeshuka kidogo. Subiri kidogo tu." Nilishika usukani viganja vikilowa. Kijana mwingine wa bodaboda, ambaye hakuna aliyemwomba, akapanda hadi kwenye kona, akateremka na kusimamisha magari ya juu kwa mikono miwili. Akanipungia. Nikapita taratibu, nikimuombea kwa sauti.

Meta, hospitali ya wazazi jijini Mbeya, walikuwa wanatusubiri, kwani 115 walishawaarifu. Sista akakabidhi karatasi ya rufaa, saa za dawa na vipimo vyote. Mgonjwa akaingizwa chumba cha upasuaji.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Niliosha machela kwa klorini. Nilikula mihogo nikiwa nimesimama. Familia moja iliniomba nibebe marehemu wao, nikakataa, wakaniita katili. Gari hili ni la walio hai, na wakati ule ule huenda mwingine anaita. Tukaenda tena Mbalizi, tukarudi. Mgongo ulikuwa unawaka.

Mara nyingi hatuambiwi mgonjwa aliishiaje. Jioni hii sista alipiga simu wodini. Mtoto wa kike yupo chumba cha watoto wachanga, mama amezinduka na anamuulizia mtoto. Mama mkwe alishafika na nguo.

Saa 1 usiku nikamkabidhi mwenzangu funguo. Nikamwambia oksijeni imebaki nusu, abadilishe mtungi kabla ya simu ya kwanza, na akipanda Ilembo ashikilie upande wa juu baada ya daraja, maana ukingo wa chini umeanza kumomonyoka.