Kiti mpe anayeondoka

Tangu Jumapili kuna neno limenikaa kooni, haliendi chini wala halitoki. Ilikuwa arobaini ya Ami, Magomeni. Ule ua mnaujua, wanawake tumejaa mikekani chini ya mwembe, kisomo kimeshaanza. Mama akaingia, akavua viatu, akakusanya kanga yake ashuke. Hapo hapo akatokea binti mmoja wa upande wa mke wa Ami, kabeba kiti cha plastiki, akakiweka mbele yake.

"Shikamoo bibi. Kaa hapa bibi, usije ukashindwa kunyanyuka."

Mama akaitikia marahaba, akakitazama kiti, akasema taratibu: "Kiti mpe anayeondoka, mjukuu wangu. Mie nimekuja kukaa."

Akashuka. Mkono mmoja mkekani, goti, kisha akajipinda akakaa upande, miguu kaikunja ndani ya kanga. Kisomo kikaendelea, binti akarudi na kiti chake, na mie nikabaki na lile neno, kushindwa.

Yule mtoto hakuwa na ubaya. Alifundishwa kumheshimu mkubwa, akafanya alivyofundishwa, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mjeuri ningemjibu yakaisha. Nikisugua sufuria namsikia. Nikiwa kwenye daladala namsikia. Wiki hii mdogo wetu ameletewa barua ya posa, na mie kazini wamenihamishia tawi la Mbagala, lakini nikilala ninachokiona ni kile kiti cheupe.

Ashindwe kunyanyuka, Mama! Mwanamke wa miaka 71 anayekuna nazi mwenyewe, kakaa kwenye mbuzi karibu kabisa na sakafu. Anayechagua mchele mkekani, miguu kakunja, mpaka ungo uishe. Usiku mmoja nikazihesabu swala zake. Faradhi za siku ni rakaa 17, na kila rakaa inamwishia akiwa chini, iwe anainukia inayofuata au ameshatoa salamu. Kwa hiyo kabla hujaweka sunna hata moja, Mama ametoka sakafuni akasimama mara 17 tangu alfajiri hadi isha. Sisi tunaoshinda ofisini, nani anafikisha hizo?

Nilikuwa na sababu ya kuhesabu. Kaka anataka Mama ahamie kwake Goba, kwenye yale makochi ya kuzama, dada wa kazi afanye kila kitu, tui litoke kwenye paketi. "Mama amechoka, apumzike sasa," anasema, na anasema kwa mapenzi. Nikamwambia, "Kaka, kukaa chini na kuinuka ndiyo kazi ya miguu yake. Ukimwondolea, unamwachia nini?"

Nikaingia kusoma. Mwaka 2012 madaktari wa Brazili walichapisha utafiti wa watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliambiwa akae sakafuni kisha asimame, basi. Alama 5 za kukaa, 5 za kunyanyuka. Ukiegemea mkono au goti unakatwa alama 1, ukiyumba unakatwa nusu. Waliopata alama za chini ndio waliofariki kwa wingi zaidi miaka iliyofuata. Sisemi mkeka unazuia kifo. Lakini kutoka chini kunataka mapaja yenye nguvu, nyonga zinazokunjika na mwili unaoweza kujisawazisha, na vyote hivyo visipotumika vinapotea. Kwetu sisi wanawake, hedhi ikishakoma, mifupa inapungua upesi na misuli nayo inafuata. Kwenye kochi unajisukuma kwa mikono, mapaja yanakosa kazi. Nikamrekodia Kaka yote hayo, ujumbe wa sauti mrefu, na baada ya kuutuma nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jana alfajiri nikamkuta Mama bado kakaa kwenye mswala. Nikadhani anavuta uradi. Akaninyooshea mkono.

"Nivute, mwanangu. Hili goti la kulia asubuhi linanikatalia."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mfungo."

Tangu mfungo, na hakumwambia mtu. Sasa yale maneno ya Magomeni nayasikia vingine. Alijua kuinuka kutakuwa shughuli, na bado akashuka, kwa sababu mazungumzo yako chini. Anayewekwa kwenye kiti huamkiwa, huletewa sahani, kisha anakaa peke yake juu ya vichwa vya wenzake kama mgeni aliyekosea nyumba. Na nakumbuka watu walipoanza kutawanyika alimwita Mama Salum, wakashikana mikono, wakainuka pamoja huku wakicheka. Mie nilidhani ni mapenzi tu ya marafiki.

Goti linalouma halilazimishwi, hilo nalikubali. Mama Salum mwenyewe huswali kwenye kiti, na dini imemruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa. Nimemwomba Mama twende akaonwe na watu wa fiziotherapia, kasema tumalize kwanza shughuli. Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki, basi tumeanza na kiti cha jikoni kisicho na mikono: viganja kifuani, simama, kaa, pumua, tena. Mie nimesimama nyuma nimekishika kisiteleze. Alifanya akasema mapaja yanawaka, uso umechangamka. Mbuzi haiondoki. Nimeisogeza karibu na nguzo ya jiko apate pa kushika anapoinuka. Nikampigia Kaka nikamweleza habari ya goti pia, maana ana haki ya kujua, na sasa hoja ya Goba imepata nguvu upya.

Jumamosi washenga wanakuja kuchukua jibu la posa, na wa kulitoa ni Baba mkubwa. Yuko Tanga, na simu yake tangu juzi haipatikani.